Bukavu: Mwenye kompyuta anaokoa mega, mwenye flashi anapoteza makaratasi

BUKAVU – Kwenye nyumba za fotokopi za mji wa Bukavu, kuanzia Nyawera mpaka kando ya soko la Kadutu, kuna mazungumzo ambayo wakaaji wengi wamekwisha kuyasikia. Baba anaingia na flashi ndogo iliyofungwa pamoja na ufunguo wa nyumba. Anataka kuchapishiwa buleteni ya mtoto, maana shule mpya inaidai. Mama mwenye mashine anaichomeka flashi, anatazama, anatikisa kichwa. Mahali pa mafaili kuna alama zenye mshale mdogo pembeni, na hakuna kinachofunguka.

“Papa, flashi yako iko na virusi. Tuiformate?”

“Hapana, mama. Makaratasi ya watoto yote iko mule ndani.”

Kwa familia iliyotulia kwake, hiyo ni kero ya siku moja tu. Buleteni ya karatasi iko kabatini, na kesho itatolewa kopi nyingine. Kwa familia iliyokimbia, habari ni tofauti kabisa. Tangu mapigano ya Januari na Februari 2025 kule Minova, Nyabibwe na Kavumu, hadi mji wenyewe ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 16 Februari 2025, watu waliondoka na kile ambacho mikono iliweza kubeba. Wengine walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi, wengine walishuka Uvira, wengine walijibana kwa ndugu hapa hapa Bukavu. Karatasi zililoa mvua, ziliachwa, ziliungua. Aliyekuwa amepiga picha diplome, kadi ya kupigia kura, cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja, akaviweka kwenye flashi, ndiye leo mwenye kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo haitoshi kumwuliza baba flashi yake imepita wapi. Inafaa kuuliza pia: ile kompyuta ya kuchapishia, inayopokea flashi za watu wa kila aina kuanzia asubuhi hadi jioni, inalindwa na nani? Mara nyingi mno jibu ni kwamba hailindwi na yeyote, kwa sababu mlinzi wake alizimwa kwa makusudi.

Mlinzi aliyefukuzwa kazi

Kompyuta ya Windows ina huduma ndogo inayofanya kazi kimyakimya, jina lake Windows Update. Kazi yake ni kuleta masasisho, yale ambayo wengi mjini huyaita kwa Kifaransa mise à jour. Masasisho hayo huziba matundu ambayo wenye nia mbaya hupitia ili kuingia ndani ya mashine. Njia hiyo hiyo ndiyo ambayo kwa kawaida huileta orodha ya virusi vipya kwa Defender, antivirusi inayokuja pamoja na Windows. Huduma ikizimwa, Defender inabaki kama askari wa lango mwenye picha za wezi wa mwaka uliopita: wezi wa mwaka huu wanapita mbele yake na kumsalimia.

Siku mwenye mashine anapoamua kuirudisha huduma hiyo, inagoma. Kioo kinaandika namba 0x80070422, au kosa namba 1058. Namba hizo zinatisha, na fundi asiye na subira anasema Windows imekufa, lazima kuformati. Lakini namba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Ile 422 ya mwisho, ikihesabiwa kwa namna ya kompyuta, ni 1058 ile ile, na maana yake ni moja: huduma imezimwa. Kompyuta haijasema kwamba kitu kimeharibika. Imesema kwamba kuna aliyeifungia mlango.

Aliyeufunga ni nani? Wakati mwingine ni virusi vyenyewe. Lakini mara nyingi ni fundi au mwenye mashine, na sababu yake ni mega.

Sababu hiyo isichekwe. Nyumba nyingi za fotokopi hapa mjini hazina intaneti ya waya. Zinatumia mega za simu, zinazonunuliwa kidogo kidogo kama chumvi sokoni. Mtu anawasha simu ili atume barua pepe moja ya mteja, na kabla haijaondoka, Windows imekwisha kunywa mega zote kwa masasisho ambayo hakuyaomba. Mteja anakasirika, faida ya siku inapotea. Jioni fundi anaitwa, anaizima huduma, kila mtu anashukuru. Wengine huizima kwa hofu nyingine: Windows yao haina leseni, wanaogopa ikiwasiliana na wenyewe itagundulika.

Hesabu hiyo inaeleweka, ila ina kasoro moja kubwa. Anayeokoa mega ni mwenye mashine. Anayelipa ni mwenye flashi. Baba aliyetoka Kalehe hakushiriki kikao cha kuizima huduma, hakupata hata mega moja ya zile zilizookolewa, lakini ndiye anayeambiwa aformati flashi yake. Hapo ndipo jambo hili linapotoka kuwa siri ya fundi na kuwa jambo la jamii. Mashine inayopokea flashi za watu wote ni kama kisima cha mtaa. Mwenye kiwanja ana haki ya kupumzika, lakini hana haki ya kukiacha kisima wazi ilhali majirani wanateka maji humo.

Dunia imekwisha kulipa somo hili

Oktoba 2008, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la hatari katika Windows. Mwezi uliofuata kikatokea kirusi kilichoitwa Conficker, kikapita katika tundu lile lile kwenye mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa, na baadaye kikajifunza kusafiri kwa flashi. Moja ya mambo kilichoyafanya kikishaingia ni kuizima huduma ya masasisho, ili dawa isifike. Yaani mwizi alimfunga kamba mlinzi. Katika mashine nyingi za kwetu mwizi hana haja ya kujisumbua hivyo, anamkuta mlinzi amekwisha kufungwa na mwenye nyumba.

Mwaka 2017 somo likarudi. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa sasisho. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fedha ili kuyafungua. Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imetolewa siku nyingi, lakini mashine zile hazikuwa zimeinywa.

Lipo pia somo la heri. Februari 2011, kwa njia ya masasisho hayo hayo, Microsoft ilizima tabia ya Windows za zamani ya kuanzisha programu yenyewe mara flashi inapochomekwa. Mlango mmoja mkubwa wa virusi vya flashi ukafungwa kwa kila aliyelipokea sasisho hilo. Asiyelipokea akabaki nao wazi.

Kuirudisha kazini hakuhitaji kuformati

Habari njema ni kwamba kuiamsha huduma hii mara nyingi hakugharimu hata faranga moja. Mwenye mashine abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike services.msc, kisha atafute Windows Update katika orodha inayofunguka. Akibonyeza mara mbili juu yake, ataona sehemu ya namna ya kuanza. Ikiwa kompyuta iko kwa Kifaransa na hapo pameandikwa Désactivé, basi ugonjwa umepatikana. Abadilishe iwe Manuel, athibitishe, kisha aianzishe. Neno Manuel lisimshtue. Ndiyo hali ya kawaida ya huduma hii: hulala, na huamka Windows inapoihitaji. Kuikuta imesimama si kosa. Kosa ni kuikuta imekatazwa kuamka.

Ikianza kisha ikajizima tena, ziko sababu chache za kuangalia kwa utaratibu. Kwanza, wenzake wa kazi, ambao ni huduma ya BITS inayobeba mafaili na ile ya usimbaji, Services de chiffrement, inayohakiki sahihi zake. Hizo nazo zisiwe zimezimwa. Pili, programu ndogo za kuzuia masasisho, ambazo mafundi wengi huzipakia kisha wakazisahau. Huduma itawashwa leo na kesho itakutwa imezimwa, mpaka programu hiyo iondolewe. Tatu, virusi. Hapo mashine ipimwe kwa antivirusi iliyoletwa kutoka kwenye kompyuta safi, kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha kuna ugonjwa wa umeme. Umeme ukikatika wakati sasisho linashuka, mafaili hubaki nusunusu ndani ya folda iitwayo SoftwareDistribution, iliyomo ndani ya folda ya Windows. Dawa yake ni kuzisimamisha kwanza Windows Update na BITS, kuibadilisha folda hiyo jina, kisha kuziwasha tena. Windows itajitengenezea folda mpya. Orodha ya masasisho ya zamani itaonekana tupu, lakini masasisho yenyewe yaliyokwisha kuingia hayatoki. Ikishindikana bado, amri ya sfc /scannow, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, hukagua na kutengeneza mafaili ya Windows bila kutumia mega.

Wakati mwingine huduma inaanza vizuri lakini haifiki popote. Hapo saa itazamwe. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa zimekwisha kutumika Ulaya, na betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mama, CR2032, imekufa. Kila umeme unapokatika, mashine inarudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inayodhani bado ni mwaka 2009 itakataa hati za usalama za leo, kwa kuwa kwake hazijaanza kutumika. Betri hiyo ni ndogo kama sarafu, na imewahi kusababisha mashine nzima kuformatiwa bure.

Na mega je?

Anayewaambia wenye mashine wawashe huduma hii bila kuwaambia watapata wapi mega, anawatupia mzigo tu. Masasisho ya mwezi mmoja yanaweza kufika mamia ya mega, na mara nyingine kupita giga nzima. Lakini zipo njia za katikati ambazo fundi wa kuzima hakuzitaja.

Ya kwanza ni kuiambia Windows kwamba intaneti hii ni ya kupimwa, connexion limitée. Mashine itaacha kujishushia sehemu kubwa ya masasisho bila kuulizwa, na huduma itabaki hai. Ya pili ni kitufe cha kusimamisha masasisho kwa muda, hadi siku 35, kwa yule anayesubiri mwisho wa mwezi. Mlinzi anapewa likizo yenye tarehe ya kurudi, hafukuzwi.

Ya tatu ndiyo inayowafaa watu wa Bukavu kuliko zote, nayo ni kushuka mara moja, kugawana mara nyingi. Microsoft hutoa masasisho makuu ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na yanapatikana pia kama mafaili katika katalogi yake ya intaneti. Kwa Windows 10 na 11, faili la mwezi kwa kawaida linabeba ndani yake na yale ya miezi iliyotangulia. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri akilishusha, kompyuta ishirini za aina moja zinaweza kulipokea kutoka kwenye flashi moja. Katika shule au ofisi yenye mtandao wa ndani, Windows inaweza pia kuruhusiwa kupeana masasisho kutoka mashine hadi mashine.

Lakini hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Hata sasisho lililoletwa kwa flashi halitaingia ikiwa huduma ya Windows Update imezimwa kabisa. Litarudisha namba ile ile, 0x80070422. Kwa hiyo aliyeizima huduma ili kuokoa mega, alizima pia njia ya kupokea sasisho bila mega. Na anayeleta faili ahakikishe limetoka kwa Microsoft yenyewe, kwa kuangalia sahihi ya kidijitali katika sifa za faili, si kwa kuamini maneno ya rafiki wa rafiki.

Kuna na ukweli mwingine usiopendeza. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, wengine hawapati. Kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa mashine ya kuandika barua na kuchapisha tu, wakati umefika wa kufikiria mifumo ya bure kama Ubuntu au Linux Mint, ambayo husasishwa bila leseni na haiambukizwi na virusi vya Windows.

Kazi ya nani?

Ya mwenye nyumba ya fotokopi, kwanza. Anapokea pesa kwa kila ukurasa, na usafi wa mashine uwe ndani ya bei hiyo, kama usafi wa sahani ulivyo ndani ya bei ya chakula. Wala si hasara kwake. Wateja wakijua kwamba pale flashi haitoki mgonjwa, watapita milango mitatu ili wafike kwake.

Ya mafundi, pili. Fundi anayezima huduma bila kumweleza mwenye mashine maana yake, kisha akarudi baada ya miezi kulipwa kwa kuformati, amelipwa mara mbili kwa jeraha lile lile. Kumwonyesha mtu connexion limitée kunachukua dakika mbili.

Ya wafadhili pia. Kompyuta zimekuwa zikitolewa kwa shule, vituo vya afya na kamati za waliohama, picha zinapigwa, mikono inapigiwa makofi. Bajeti ya mega haimo. Kompyuta bila njia ya kusasishwa ni mtumbwi bila kasia. Unaelea siku ya sherehe, kisha unakwenda unakopelekwa na maji. Na katika kompyuta za kamati hizo ndimo yanamolala majina ya familia, idadi ya watoto na namba za simu za watu wanaojificha. Mahali ambapo jina kwenye orodha linaweza kumtia mtu hatarini, kuziba matundu ya mashine hakuwezi kuitwa anasa.

Na redio za jamii, parokia na shule zenye intaneti ya kudumu, zinaweza kubeba sehemu yao bila gharama kubwa: siku moja kila mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, faili la sasisho lishushwe na mafundi wa mtaa waje kulichukua. Mji huu umezoea kugawana mambo magumu kuliko hilo. Nyumba za ndugu zimepokea familia nzima bila kuuliza zitakaa siku ngapi. Kugawana faili moja kwa mwezi hakuwezi kushinda watu wa namna hiyo.

Kwa aliye na flashi leo

Wakati hayo yanasubiriwa, mwenye flashi asikubali haraka kuformati. Alama zile zenye mshale mara nyingi hazina maana kwamba mafaili yamefutwa. Kirusi kimeyaficha na kuweka alama za uongo mahali pake, na anayebonyeza alama hizo ndiye anayekieneza. Kwenye kompyuta safi, iliyokwisha kupima flashi kwa antivirusi, fundi afungue dirisha la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* akiweka herufi halisi ya flashi mahali pa F. Mara nyingi makaratasi yanajitokeza tena, yakanakiliwa mahali pengine. Hapo flashi inaweza kuformatiwa bila machozi.

Na makaratasi ya familia yasikae mahali pamoja. Kopi moja kwenye flashi isiyotumiwa kuchapishia, nyingine kwa ndugu wa kuaminika anayeishi mbali. Kwa siku ya kwenda fotokopi, ibebwe flashi nyingine yenye faili moja tu linalohitajika, au faili hilo litumwe kwa simu.

Yule baba wa Nyawera, pamoja na wote wanaofanana naye, hataki kujua wuauserv ni kitu gani wala BITS ni nini, na hapaswi kulazimishwa kujua. Anachotaka ni mtoto aandikishwe shuleni kwa buleteni yake mwenyewe. Mwenye mashine ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha neno moja, kutoka Désactivé kuwa Manuel. Alibadilishe leo jioni, kabla ya kufunga mlango.